Mistari Miwili, Majibu Mawili: Kingamwili za Vipimo Zinajua Nini?

Mgonjwa wa homa anayeishi Kibaha au Kisarawe anaweza kupimwa kwenye zahanati ya kijiji, akaona mistari miwili, akaambiwa ana malaria na kupewa dawa ya mseto. Homa ikirudi wiki mbili baadaye hupimwa tena, na mistari miwili hujitokeza tena. Akipanda gari hadi Maili Moja, au akishuka Gongo la Mboto kwa wale wa Kisarawe, maabara yenye darubini humwambia kwamba damu yake haina mdudu hata mmoja. Mwingine hupata kinyume: kipimo cha haraka hakionyeshi kitu, lakini maabara ya mtaani humwandikia malaria na kumuuzia dawa.

Majibu hayo yanayopingana yamezaa maelezo ya kila namna. Wapo wanaosema vipimo ni vibovu, wapo wanaowalaumu wahudumu, na wapo wanaoamini kwamba malaria ya siku hizi inajificha. Kila kauli ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayogusa kiini. Kiini kiko kwenye kingamwili iliyopakwa juu ya utepe wa kipimo: inashika nini, haishiki nini, na watu wamezoea kuiuliza swali gani. Suala hilo si la zahanati peke yake. Wanasayansi wanaochunguza vipokezi vya homoni za msongo kwenye ubongo wamekumbana na utata uleule, na njia waliyopitia kuutatua inaweza kuwasaidia sana wasomaji wa Mkoa wa Pwani kuelewa majibu wanayopewa.

Kilichomo ndani ya kipimo

Kingamwili ni protini ambazo miili ya binadamu na wanyama hutengeneza ili kunasa vitu vigeni. Kila moja ina ncha inayoshika umbo fulani na kuyaacha mengine. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli iliyozaliwa ilitoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, wakiigawana na Niels Jerne, na ndiyo iliyofungua njia ya vipimo vingi vya haraka vinavyotumika leo.

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wahudumu hukiita mRDT, kinafanya kazi hivi. Tone la damu huwekwa kwenye kitundu kimoja na matone ya bafa kwenye kingine. Mchanganyiko huo unaposafiri kwenye utepe, hukutana na kingamwili zilizofungwa kwenye chembechembe ndogo mno za dhahabu. Kama damu ina protini iitwayo HRP2, inayotengenezwa na kimelea cha Plasmodium falciparum, kingamwili hizo huishika na kusafiri nayo. Mbele kidogo kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa mahali pamoja, nazo huinasa protini hiyo upande wa pili. Dhahabu hurundikana, na mstari wenye rangi huonekana.

Mstari mwingine, ule wa C, haupimi malaria hata kidogo. Kazi yake ni kukamata kingamwili zenye dhahabu zilizopita, ili mhudumu ajue kwamba maji yamefika mwisho wa utepe. Wengi huuona mstari wa C ukiwa mwekundu barabara na kudhani umethibitisha kwamba jibu ni sahihi. Unathibitisha kwamba utepe umelowa na dhahabu imetembea, basi.

Mkanganyiko mwingine unatokana na vipimo vya jirani. Kipimo cha haraka cha VVU hunasa kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa mwenyewe umezitengeneza, na ndiyo sababu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupata jibu hasi. Widal, kipimo kinachotumika sana kwa homa ya matumbo, nacho hutazama kingamwili za mgonjwa, ambazo zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au hata kuamshwa na vijidudu vingine. Kipimo cha malaria kinakwenda kinyume: kingamwili ni za kiwandani, na kinachotafutwa ni protini ya kimelea. Vipimo vyote hivi vina kikasha cha plastiki au tone la damu, lakini maswali yake ni tofauti kabisa.

Tulikotoka: enzi ya kutibu kwa dalili

Kabla ya vipimo hivi, homa yoyote kijijini ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi haikuthibitishwa. Sera hiyo ilikuwa na mantiki yake. Malaria humuua mtoto kwa haraka, darubini zilikuwa chache, na klorokwini ilikuwa rahisi. Hasara ya kumpa dawa asiye mgonjwa ilionekana ndogo kuliko hasara ya kumnyima aliye mgonjwa.

Mambo mawili yaliivunja hesabu hiyo. La kwanza ni dawa. Usugu wa vimelea uliiondoa klorokwini, kisha dawa ya SP iliyoirithi, na mwishoni mwa 2006 Tanzania ilianza kutumia dawa ya mseto, ambayo ni ghali zaidi na ambayo dunia haina mbadala mwingi wake. La pili ni ushahidi kwamba homa nyingi hazikuwa malaria. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 4,474 waliolazwa kaskazini mashariki mwa Tanzania na kutibiwa kama wenye malaria kali. Vimelea vilithibitishwa kwa asilimia 46 tu. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine, na baadhi yao hawakutibiwa ugonjwa huo.

Vipimo vya kingamwili vilikuwa tayari njiani. Miaka ya 1993 na 1994 Clive Shiff, Zul Premji na Japhet Minjas walichapisha matokeo ya kipimo cha ParaSight-F nchini Tanzania, kimojawapo cha vipimo vya kwanza vya HRP2 duniani, na walionyesha kwamba hata wahudumu wa afya wa vijiji wanaweza kukitumia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na miaka iliyofuata mRDT ilienea kwenye zahanati za nchi nzima.

Kibaha kama uwanja wa ushahidi

Watetezi wa kipimo cha haraka hawahitaji kwenda mbali kutafuta hoja. Utafiti ulioongozwa na Marycelina Mubi na kuchapishwa mwaka 2011 ulifanyika wilayani Kibaha kwenyewe. Wahudumu 22 wa afya ya jamii kutoka vijiji vitano walifundishwa kutibu malaria isiyo kali. Wiki moja walitumia mRDT, wiki iliyofuata walitibu kwa dalili peke yake, wakibadilishana hivyo kwa miezi mitano. Wagonjwa waliohudumiwa walikuwa 2,930.

Kwenye wiki za kutibu kwa dalili, asilimia 96.5 ya wagonjwa walipewa dawa ya mseto. Kwenye wiki za kipimo, ni asilimia 53.2. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya dawa zilizokuwa zikitolewa vijijini hazikuwa na kazi ya kufanya. Cha kutia moyo zaidi, wahudumu hao walifuata jibu la kipimo kwa asilimia 96.8 ya wagonjwa, na hakuna kifo wala malaria kali iliyotokea kwa wagonjwa wa wiki za kipimo ambao hawakupewa mseto, ingawa waliosema hawajapona siku ya tatu na ya saba walikuwa wengi zaidi kwenye wiki hizo. Hospitalini, kwa wataalamu wenye elimu kubwa zaidi, nidhamu hiyo haikuonekana mapema: utafiti mwingine wa Reyburn, wa mwaka 2007, uliona kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wenye jibu hasi bado waliandikiwa dawa za malaria.

Lakini utafiti wa Kibaha ulionyesha pia gharama. Rufaa siku ya kwanza zilikuwa asilimia 10.0 kwenye wiki za kipimo, dhidi ya asilimia 1.6 kwenye wiki za dalili. Kipimo hasi kinamwachia mhudumu mgonjwa mwenye homa isiyo na jina, na hatua inayobaki ni kumtuma mbele. Kwa familia iliyoko ndani ndani, upande wa Maneromango au Mzenga kule Kisarawe, rufaa ni nauli, ni siku ya shamba iliyopotea, na pengine ni safari isiyofanyika kabisa. Yeyote anayekisifia kipimo cha haraka bila kuitaja gharama hii anasema nusu ya habari.

Na ugonjwa wenyewe hasa ni nini kama si malaria? Jibu bora zaidi kwa Tanzania lilitoka mwaka 2014, pale Valérie D'Acremont na wenzake walipochunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62, mengi yakiwa ya virusi. Homa ya matumbo, ambayo huandikwa ovyo kwenye vyeti vya maabara, ilikuwa asilimia 3.7.

Hoja ya darubini

Wanaoitetea darubini wana hoja moja isiyopingika: darubini huona kimelea chenyewe. Msomaji wa slaidi aliyefundishwa vizuri hukihesabu, hutambua aina yake, na huweza kusema kama idadi inapungua baada ya matibabu. Kipimo cha haraka hakiwezi hata moja ya hayo kwa uhakika.

Na hapa ndipo ilipo siri ya mgonjwa wa wiki mbili. HRP2 ni protini inayomwagika kwenye damu kwa wingi na kuchelewa kuondoka. Dawa ya mseto huua vimelea ndani ya siku chache, lakini protini waliyoiacha inaweza kuendelea kuwepo kwa wiki kadhaa, na kipimo huendelea kutoa mistari miwili ingawa hakuna kimelea hai. Mgonjwa hajapata malaria mpya, dawa haikushindwa, na kipimo hakikuharibika. Kingamwili imejibu kwa uaminifu kwamba HRP2 ipo. Aliyesoma jibu ndiye aliyeongeza neno "malaria".

Takwimu za kitaifa zina mfano mzuri wa jambo hili. Kwenye uchunguzi wa VVU na malaria wa mwaka 2011–12, watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walipimwa kwa njia zote mbili. Kipimo cha haraka kilitoa asilimia 9, darubini asilimia 4. Damu ni ileile na mtoto ni yuleyule. Sehemu ya pengo hilo inatokana na protini iliyobaki baada ya ugonjwa, na sehemu nyingine inatokana na vimelea vichache ambavyo jicho la msomaji lilivipita.

Ila darubini inayosifiwa kwenye vitabu si ile iliyoko kwenye kila maabara. Judith Kahama-Maro na wenzake walipokagua slaidi za kawaida kwenye vituo vya Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, zaidi ya nusu zilikuwa zimesomwa kuwa na vimelea. Wataalamu waliposoma upya slaidi hizohizo, walivikuta kwenye takriban asilimia 2. Uchafu wa rangi, lenzi iliyochoka, msomaji mmoja mwenye foleni ndefu, na matarajio ya mgonjwa aliyelipa fedha yake akitaka jibu: hayo yote huzaa wadudu wasiokuwepo. Kwa hiyo yule aliyepata jibu hasi la mRDT kisha akaandikiwa malaria mtaani ana sababu nzuri ya kuutilia shaka mtaa kuliko utepe.

Ubongo na homoni za msongo: pale kingamwili zilipokosea

Upo uwanja mwingine ambako imani kwa kingamwili ilijaribiwa vikali zaidi. Mtu anapokabiliwa na hatari, ubongo hutoa homoni iitwayo CRF, ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981. CRF huamsha mfuatano unaoishia kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga kotisoli. Kotisoli hurudi hadi kwenye ubongo na kushikwa na vipokezi viwili, GR na MR. Mwaka 1968 Bruce McEwen alikuwa ameonyesha, kwa kutumia homoni yenye mionzi, kwamba ubongo wa panya huikusanya homoni ya aina hiyo hasa kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu.

Afrika Mashariki ina nafasi yake kwenye historia hiyo. Mwaka 1989 Hideo Uno, Robert Sapolsky na wenzao, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani mjini Nairobi, walichapisha uchunguzi wa tumbili waliokufa wakiwa kizuizini Kenya huku wakiwa na vidonda vya tumbo, dalili ya msongo wa muda mrefu. Seli za hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika. Matokeo hayo yaliipa uzito dhana kwamba msongo usiokoma hugusa hadi mwili wa ubongo, na yaliongeza hamu ya kujua ni seli zipi hasa zinazobeba vipokezi vya homoni hizi.

Njia iliyoonekana nyepesi kuliko zote ilikuwa kingamwili. Kata ubongo vipande vyembamba, mwagia kingamwili ya kipokezi, kisha tazama rangi inapotua. Kazi hiyo imejaa mitego. GR na MR wamo kwenye ukoo mmoja wa protini na baadhi ya sehemu zao zinafanana mno, kwa hiyo kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja inaweza kumshika ndugu yake. Kipokezi cha CRF ni kigumu zaidi: kipo kwa uchache na kimejikunja ndani ya utando wa seli. Isitoshe, formalini inayotumika kuhifadhi ubongo hubadilisha maumbo ya protini, kiasi kwamba kingamwili inayofanya kazi vizuri kwenye njia moja ya maabara inaweza kushindwa kabisa kwenye njia nyingine.

Namna ya kuugundua uongo ilikuwa rahisi kuieleza na ghali kuitekeleza. Watafiti walipata panya ambao jeni la kipokezi husika limeondolewa. Panya huyo hana kipokezi hicho popote mwilini. Ikiwa kingamwili bado inaupaka rangi ubongo wake, basi inashika kitu kingine. Baadhi ya kingamwili za kipokezi cha CRF, zilizokuwa zikitumika kwenye tafiti zilizochapishwa, zilifeli jaribio hilo. Ndiyo sababu kundi la Nicholas Justice mwaka 2008 lilitumia njia ya kuzunguka: panya waliofanywa waonyeshe mwanga wa kijani kwenye seli ambazo jeni la kipokezi hicho linafanya kazi.

Tatizo halikuishia kwenye msongo. Mwaka 2005 Clifford Saper, akiwa mhariri wa jarida la anatomia ya mishipa ya fahamu, aliwaandikia wasomaji barua ya wazi akidai ushahidi wa kila kingamwili inayotumika. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, walitaka dunia ihamie kwenye kingamwili zinazotengenezwa kutokana na jeni lililosomwa, ili kila kopo lifanane na lililotangulia. Mwaka 2023 mradi wa YCharOS ulichapisha matokeo ya kingamwili 614 za protini 65, zilizojaribiwa kwenye seli zisizo na jeni husika. Kwa wastani, kila protini ilikuwa na machapisho takriban 12 yaliyotumia kingamwili ambayo haikuitambua. Kampuni zilizoshiriki ziliondoa sokoni baadhi ya bidhaa zao na kubadilisha maelekezo ya nyingine. Uwazi wa namna hiyo ni jambo la heshima kwao, na ni mfano wa kuigwa.

Kimelea kilichotupa jeni lake

Kwa malaria, jaribio hilohilo lilifanywa na maumbile yenyewe. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru kuna Plasmodium falciparum ambao wamepoteza jeni la HRP2. Vimelea hao huumiza watu kama kawaida, lakini utepe hukaa kimya kwa sababu protini inayotafutwa haipo. Miaka michache baadaye Eritrea iligundua kwamba vimelea wa aina hiyo wamekuwa wengi kwenye hospitali za Ghindae na Massawa, na ikalazimika kubadilisha vipimo vyake. Shirika la Afya Duniani hushauri nchi iache kutegemea HRP2 peke yake pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa hukosa kugunduliwa kwa sababu hii.

Tofauti na panya wa maabara ni ya kufikiriwa. Panya asiye na jeni alionyesha kingamwili inayoona kisichokuwepo. Kimelea kisicho na jeni kimeonyesha kingamwili iliyo sahihi kabisa kwa protini yake, lakini haioni ugonjwa. Kosa la pili ni la hatari zaidi, maana halitatuliwi kwa kununua kipimo bora cha HRP2. Bora kiasi gani, kitakuwa bora katika kutafuta kitu ambacho hakipo.

Kwa Tanzania hali bado ni nzuri. Uchunguzi wa mwaka 2021 kwenye vituo 100 vya mikoa kumi ulionyesha kwamba vimelea wasio na jeni hilo ni nadra sana. Nafuu hiyo hudumu mradi uchunguzi urudiwe, kwa kuwa Eritrea na Ethiopia haziko mbali na kila jibu hasi lisilo sahihi humwacha mgonjwa bila dawa na kimelea chake kikiendelea kuenea.

Kutokana na hofu hii, wapo wanaotaka kuhamia kwenye vipimo vya jeni, yaani PCR. Kwa utafiti ni njia bora: hugundua vimelea wachache ambao utepe na darubini huwakosa. Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika haifai kwa sasa, na hata ingefaa, ina ubishi wake. Mtu mzima aliyekulia Mkoa wa Pwani anaweza kubeba vimelea wachache huku homa yake ikiwa imetokana na mafua. Kipimo chenye jicho kali kuliko vyote ndicho kitakachomwandikia malaria.

Pendekezo lenye uzito zaidi ni vipimo vinavyounganisha HRP2 na protini nyingine, pLDH, ambayo vimelea hai ndio huitengeneza na hivyo hutoweka mapema baada ya matibabu. Baadhi ya mRDT zinazotumika nchini tayari zina mstari huo wa ziada. Udhaifu wake ni kwamba pLDH kwa kawaida huhitaji vimelea wengi zaidi ili ionekane, na kingamwili zake mara nyingi huvumilia joto kidogo kuliko zile za HRP2, hoja nzito kwa stoo yenye paa la bati.

Ugonjwa unapopungua, jibu chanya hubadilika uzito

Kuna jambo ambalo mijadala mingi huliruka, nalo ni kiwango cha ugonjwa wenyewe. Mwaka 2007–08, asilimia 18 ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 Tanzania Bara walikutwa na malaria. Mwaka 2022 walikuwa karibu asilimia 8. Chukua kwa mfano kipimo kinachopatia mara 95 kwa kila 100, kwa walio wagonjwa na wasio wagonjwa. Wakipimwa watu 1,000 ambao 500 kati yao wana malaria, kitatoa majibu chanya 475 ya kweli na 25 ya uongo. Wakipimwa watu 1,000 ambao 50 tu wana malaria, majibu chanya ya kweli yatakuwa karibu 48, na ya uongo karibu 48 vilevile. Kipimo hakijabadilika. Kilichobadilika ni jamii inayopimwa.

Kibaha na Kisarawe ziko katikati ya mabadiliko hayo. Mji unaokua kandokando ya Barabara ya Morogoro hauna mbu sawa na vijiji vya bonde la Ruvu, na kata zinazopakana na Dar es Salaam hazifanani na zile za ndani ya Kisarawe. Jibu chanya la Maneromango wakati wa masika na jibu chanya la Maili Moja wakati wa kiangazi hayana uzito mmoja, hata kama vipimo vimetoka kwenye boksi moja.

Uamuzi

Kurudi kwenye kutibu kwa dalili hakukubaliki; utafiti wa Kibaha ulishafunga mjadala huo. Kuikabidhi kazi yote kwa darubini nako hakufai, kwa sababu slaidi mbaya hudanganya kuliko utepe mzuri. Kipimo cha haraka kinastahili kubaki mlango wa kwanza wa kila mgonjwa wa homa kwenye wilaya hizi mbili, na jibu lake hasi kwa mgonjwa asiye mahututi liheshimiwe, huku hali yake ikifuatiliwa na kipimo kurudiwa homa ikiendelea.

Ila mlango huo una mahali pake pa kuishia. Aliyemaliza mseto ndani ya wiki nne zilizopita asipimwe kwa HRP2 ili kujua kama amepona. Apelekwe kwenye darubini iliyokaguliwa. Mgonjwa mwenye dalili kali apewe rufaa hata kama utepe umekaa kimya. Maabara zinazosoma slaidi, za serikali na za binafsi, zikaguliwe kwa slaidi zao kusomwa upya na wataalamu, na matokeo ya ukaguzi huo pamoja na ya vipimo vinavyoingizwa nchini yatangazwe kwa wananchi, kama kampuni za kingamwili zilivyokubali kutangaza zilizofeli. Uchunguzi wa jeni la HRP2 uwe wa kila baada ya miaka michache, na usingoje wagonjwa waanze kukosekana kwenye vipimo.

Wahudumu waongezewe jambo moja kwenye daftari: tarehe ya dozi ya mwisho ya mseto. Na mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe anayeingia chumba cha kupimwa aitaje tarehe hiyo kabla hajatobolewa kidole, hata kama hajaulizwa.